Mwimbaji Aliyesema Anao

Jaribu jambo hili jioni ya leo. Mwombe kijana wako aliye kidato cha pili au cha tatu akutajie waimbaji kumi wa Bongo Fleva. Atawataja bila kupumua, pamoja na nyimbo zao na magari wanayoendesha. Kisha mwombe akutajie wazee watano wa kanisa. Hapo utamwona anakuna kichwa.

Huku kwetu Guta, kando ya Ghuba ya Speke, mambo ni hayo hayo. Vijana wakitoka ziwani asubuhi huanika dagaa huku simu inaimba mfukoni. Baadhi yetu akina mama tunaishia kulalamika, lakini kulalamika hakujawahi kuzima redio wala simu. Kijana humsikiliza anayempenda, na waimbaji wanapendwa. Jambo la kuuliza ni hili: mtu akishapewa masikio ya watoto wetu, huyatumia kuwaambia nini? Na akisema neno la maana, sisi nyumbani tunalipokeaje?

Nitawasimulia habari za mwimbaji mmoja wa ng'ambo ya ziwa letu hili, Mganda aliyeitwa Philly Bongoley Lutaaya. Wenye umri wangu huenda mnalikumbuka jina lake. Binti zenu hawamjui kabisa, na ndiyo maana nimeona niandike.

Wakati wa kunong'ona

Ugonjwa wa Ukimwi ulionekana kwanza katika eneo letu la Afrika Mashariki kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1982 uliripotiwa Kasensero, mwalo wa wavuvi katika wilaya ya Rakai, Uganda. Mwaka uliofuata wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Waganda waliuita Slim, kwa sababu ya kukonda. Kagera waliuita Juliana, jina la vitambaa vilivyoletwa na wafanyabiashara wa mpakani, maana hao walikuwa miongoni mwa waliotangulia kufa.

Majina ya mafumbo hayakosekani panapokuwa na aibu. Familia zilisema mgonjwa ana kifua, au amerogwa na mwenzake wa biashara. Hata sisi wauguzi tuliandika ugonjwa kwa herufi za siri ili ndugu wasielewe. Mwaka 1987 mama mmoja wa Kiganda, Noerine Kaleeba, ambaye mumewe Christopher alikuwa amefariki kwa ugonjwa huo Januari ya mwaka huo, alikusanya wenzake wakaanzisha chama cha TASO cha kuwatunza wagonjwa na kuwaliwaza. Lakini mtu maarufu, mwenye jina na picha gazetini, hakuna aliyekuwa amesimama Uganda akasema, mimi ninao.

Waimbaji walikuwa wakionya, hilo ni kweli. Mwaka 1987 Franco Luambo wa Kongo, aliyesikilizwa Afrika nzima, alitoa wimbo mrefu wa kuwatahadharisha watu na Ukimwi, akizungumza na vijana, madaktari, viongozi wa dini na serikali. Ni wimbo mzito. Lakini Franco aliongea kama mwalimu anavyoongea na darasa, na alipofariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, maradhi yaliyomwondoa hayakutangazwa wazi. Uvumi ulikuwa mwingi, nami sina la kuongeza katika huo.

Aprili 1989

Lutaaya alizaliwa mwaka 1951. Alianza muziki akiwa kijana mdogo, akapiga Uganda, Kongo na Kenya, kisha katika miaka ya 1980 akahamia Sweden. Huko ndiko alikorekodi nyimbo zilizompa jina, zikiwemo za Krismasi ambazo hadi leo Waganda huzipiga kila Desemba. Mtu wa namna hii ana kila sababu ya kunyamaza. Yuko Ulaya, ana fedha, hakuna jirani anayemchungulia. Angeweza kuugua na kufa huko huko, na nyumbani wakaambiwa ni malaria.

Aprili 1989 alitangaza hadharani kwamba ana Ukimwi.

Kumbuka, mama mwenzangu, kwamba wakati huo hakukuwa na dawa za kurefusha maisha kama hizi tunazogawa leo. Dawa moja ilikuwa imeidhinishwa Marekani mwaka 1987, bei yake ya kutisha, na nguvu yake ilikuwa ndogo. Kutangaza kulikuwa sawa na kutangaza tarehe ya mazishi yako. Hakupata kitu chochote kwa kusema.

Na unajua watu walisemaje? Walisema anadanganya. Walimwangalia, wakaona bado ana mwili na anavaa vizuri, wakasema amelipwa na wazungu, au anatafuta kuuza kanda zake. Hilo ndilo linalonigusa zaidi katika habari zake zote. Mtu anakubali kuvunjiwa heshima ili awaponye wengine, halafu hao hao wanamcheka.

Hakuacha. Alizunguka mashuleni na makanisani, akaimba, akaeleza, akajibu maswali ya wanafunzi. Alitunga wimbo kwa Kiingereza juu ya upweke na hofu ya mgonjwa. Watu wa televisheni walimfuata wakampiga filamu, ikaonyeshwa Marekani mwaka 1990. Katika miezi hiyo michache mwili wake ulianza kupungua mbele ya macho ya watu. Mashavu yaliingia ndani, sauti ikakatika, akahitaji kushikwa mkono ili asimame. Waliosema amelipwa walinyamaza mmoja baada ya mwingine. Alifariki Kampala tarehe 15 Desemba 1989, siku kumi kabla ya Krismasi, akiwa na umri wa miaka 38.

Baada yake watu wengine wenye virusi walianza kwenda mashuleni na vijijini kutoa ushuhuda, katika mpango uliopewa jina lake. Mwaka 1992 Kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa la Anglikana Uganda naye alijitokeza kusema ana virusi, wa kwanza kufanya hivyo miongoni mwa viongozi wa dini wa Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wazima wapatao 15 katika kila 100 nchini humo walikuwa na virusi. Kufikia uchunguzi wa 2004 na 2005 walikuwa wapata 6. Sitasema mwimbaji mmoja ndiye aliyefanya hivyo. Wengi katika hao 15 walikufa, na hiyo peke yake hupunguza hesabu. Serikali ilifanya kazi, makanisa na misikiti ilifanya kazi, na akina mama waliouguza ndio waliofanya kazi kubwa kuliko wote. Lakini mtu wa kwanza kufungua mdomo huwapa wengine ruhusa ya kufungua wa kwao.

Kwetu Tanzania

Huku kwetu tulikuwa na Dokta Remmy Ongala. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliimba "Mambo kwa Soksi", kuhusu mipira ya kiume, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Makanisani wapo waliokunja uso, na ninaelewa kwa nini. Hata hivyo kanda iliuzwa, na vijana waliokuwa hawasomi bango la hospitali waliujua wimbo huo kwa moyo. Remmy huyo huyo mwishoni mwa maisha yake aliacha dansi akamwimbia Mungu, hadi alipofariki Desemba 2010. Mimi nadhani hakuwa watu wawili tofauti. Alikuwa mtu mmoja asiyeweza kuona jambo akakaa kimya.

Kisha tarehe 14 Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete na Mama Salma walipima damu mbele ya watu katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kufungua kampeni ya taifa ya kupima kwa hiari. Sisi tulio kwenye vyumba vya kupimia tunakumbuka wiki zilizofuata. Wanaume walikuja! Wanaume ambao wake zao walikuwa wamewabembeleza miaka mitatu bila mafanikio walikuja wenyewe, wakisema, kama mzee amepima, sisi ni akina nani.

Huko mbali zaidi, Novemba 1991, mcheza mpira wa kikapu wa Marekani Magic Johnson alitangaza kwamba ana virusi. Kila mtu alijua anakwenda kufa. Zaidi ya miaka 30 baadaye alikuwa bado hai, kwa sababu ya dawa. Lutaaya alitangulia miaka miwili tu, na nchi yake haikuwa na dawa hizo. Tanzania ilianza kuzitoa bila malipo mwaka 2004.

"Alilipwa shilingi ngapi?"

Katika kikundi cha vijana cha kanisa ninachosaidia, niliwahi kuwasimulia habari hizi za Lutaaya. Nilipomaliza, kijana mmoja anayevua sangara alinyosha mkono akauliza, "Alilipwa shilingi ngapi?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana ni swali lile lile la mwaka 1989, nalo si swali la kijinga. Vijana wetu wamezoea kumwona msanii kwenye bango la soda, la benki na la simu, kisha mwezi unaofuata kwenye bango la afya, kwa tabasamu lile lile. Wanajua kutofautisha kuliko tunavyodhani. Nilimjibu kwamba hakulipwa, na kwamba ushahidi wake ulikuwa mwili wake mwenyewe. Akakaa kimya, halafu akauliza kama mtu akiwa kambini kisiwani majuma mawili anaweza kubeba dawa zake bila wenzake kujua.

Hapo ndipo kazi ya mwimbaji inapoishia na ya kwetu kuanza, kwa sababu maswali ya namna hiyo msanii hawezi kuyajibu kutoka jukwaani.

Sisi wa mwaloni tunajua hatari ilipo. Fedha huja usiku na huisha asubuhi. Wanaume wako mbali na wake zao. Mama anayetaka samaki wa kuuza huambiwa, waziwazi au kwa macho, kwamba shilingi peke yake haitoshi. Binti yake anayaona hayo akiwa na miaka kumi na miwili. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta watu wazima wanaozidi kidogo 4 katika kila 100 wana virusi nchini, na maambukizo mapya yapatayo 60,000 kwa mwaka. Miongoni mwa vijana, wasichana huathirika kuliko wavulana wa rika lao.

Kwa hiyo mama, mwanao akikuletea habari ya msanii aliyesema juu ya Ukimwi, au mimba, au dawa za kulevya, usimkatize kwa kusema muziki ni wa wahuni. Muulize, "Amesemaje? Wewe unaonaje?" Kisha uwe na la kumwambia. Mwambie kwamba tangu Bunge lilipoibadilisha sheria Novemba 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kusubiri ridhaa ya mzazi; ni heri ajue kwako kuliko kwa rafiki. Mwambie kwamba anayemeza dawa kila siku hadi virusi visionekane tena kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Mwambie kwamba mama mjamzito mwenye virusi akitumia dawa vizuri, karibu kila mtoto anayezaliwa huwa salama. Mambo haya nayasema kliniki kila wiki, na kila wiki namkuta mtu mzima ambaye hajawahi kuyasikia.

Na kama mtoto wako mwenyewe alizaliwa na virusi, usingoje afike kidato cha nne asome jina la dawa kwenye kopo. Wataalamu hushauri kuanza kumweleza kidogo kidogo tangu umri wa shule ya msingi. Nimewaona waliochelewa kuambiwa. Huacha dawa kwa hasira, nayo hasira hiyo huwa juu ya mama.

Binti mmoja wa namna hiyo alinijia baada ya kipindi kile cha vijana, wengine walipokwisha kutoka. Sitasema umri wake wala kwao. Hakuuliza juu ya fedha. Aliuliza kama Lutaaya alikuwa na hofu. Nikamwambia ndiyo, alikuwa nayo, na aliiimba. Akauliza tena kama ni lazima mtu aseme mbele ya watu wote. Nikamwambia si lazima hata kidogo, mtu mmoja anayekupenda anatosha kwa kuanzia. Akafikiri kidogo, akanitajia jina la shangazi yake anayeuza dagaa Bunda mjini, akaniuliza gari la mwisho linaondoka saa ngapi.