Chupa Moja Haifai Vichwa Vyote

Msikilizaji mmoja wa Mbagala ameniuliza: duka la vipodozi la mtaani kwao lina chupa na makopo ya nywele hata macho yanachoka. Achukue lipi? Namjibu kwamba kabla ya kutazama rafu, atazame kichwa chake mwenyewe.

Nywele zetu za kipilipili zimejikunja. Mafuta yanayotoka katika ngozi ya kichwa hayateremki kwa urahisi hadi nchani, na ndiyo maana nywele hukauka na kukatika. Mwenye nywele hizo hana haja ya kuziosha kila siku. Mara moja kwa juma, au kila baada ya majuma mawili, yatosha, kwa shampuu isiyo kali na kisha dawa ya kulainisha. Sabuni ya mche tuiachie nguo. Ni kali kwa nywele, na ikikutana na maji magumu ya kisima huacha utando unaozidi kuzikausha.

Wengi hudhani mafuta ya mgando hulisha nywele. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai, wala haulishwi. Kazi ya mafuta ni kuzuia maji yasipotee, hivyo yapakwe nywele zikiwa bado na unyevu. Mafuta ya nazi yana faida zaidi, kwa kuwa hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Yale ya mgando hubaki juu.

Sasa tuje kwenye dawa za kunyoosha nywele. Nimepita saluni kadhaa za Mwananyamala na Tandika. Nikiuliza dawa hii ina nini, naonyeshwa picha ya msichana iliyo juu ya kopo. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Baadhi ya dawa hizo zina hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki ile ile wanayotumia watengeneza sabuni. Nyingine huandikwa kuwa hazina kostiki, lakini zina hidroksidi ya kalsiamu inayochanganywa na maji maji ya chupa ya pili. Hizo nazo ni kali, zaweza kuunguza, na huacha chembe za kalsiamu zinazokausha nywele. Hata kopo lenye picha ya mtoto lina ukali huo.

Katika saluni moja nilimwona dada akipepea kichwa kwa gazeti, machozi yakimlenga, huku akiambiwa, "Vumilia shoga, ndiyo inashika." Msikilizaji, inapowasha hivyo dawa inaunguza ngozi. Ioshwe mara moja kwa maji mengi, kisha kwa shampuu maalumu ya kuua ukali wake. Usiweke dawa kwenye kichwa chenye vidonda au kilichokunwa, usizidishe dakika zilizoandikwa, na ukirudia weka kwenye nywele mpya tu.

Kuna jambo zito zaidi. Oktoba 2022, watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Walikadiria kwamba kati ya wasiotumia kabisa dawa za kunyoosha, asilimia 1.64 watapata saratani ya mfuko wa uzazi kabla ya kufika miaka 70. Kwa wanaozitumia mara kwa mara ni asilimia 4.05. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo inayoleta saratani, lakini unatosha kumfanya mzazi asimpeleke binti wa miaka sita kunyooshwa nywele kwa ajili ya sikukuu.

Aidha, tusitafute dukani tiba ya kila kitu. Mba hutulizwa na shampuu maalumu. Mapunye ya watoto ni ugonjwa wa fangasi unaohitaji dawa ya kumeza kutoka kwa mganga wa zahanati. Mafuta ya kupaka hayatoshi. Nywele za mbele zinazonyofoka kwa rasta zilizobanwa mno hazihitaji chupa yoyote. Zinahitaji msusi alegeze mkono.

Ukinunua, soma viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na mwenye shaka anaweza kuwauliza. Dawa ya kupimiwa kutoka kopo lililo wazi iache, hata kama ni nusu bei, kwa kuwa haina maandishi ya kukuambia ni nini wala imefunguliwa lini.