Kifafa, tegu wa nguruwe na usafi wa choo

Mgonjwa wa kifafa mara nyingi hufichwa nyumbani. Wapo wanaosema ana mapepo, wengine kwamba amerogwa, na wengine huogopa kumshika akianguka wakidhani povu lake linaambukiza. Utafiti uliofanyika katika mkoa wetu wa Manyara umeonyesha chanzo kingine kwa sehemu ya wagonjwa hao, nacho kinazuilika.

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, watafiti wakiongozwa na daktari wa mishipa ya fahamu, Andrea Winkler, walichunguza wagonjwa wa kifafa kwa picha za CT za ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kati ya wagonjwa 212, 38 walikuwa na dalili za lava wa tegu wa nguruwe kichwani, yaani karibu 18 katika kila 100.

Lava hao hufikaje kwenye ubongo? Hapa wengi hukosea. Anayekula nyama ya nguruwe yenye lava, isiyoiva vizuri, hupata tegu tumboni. Tegu huyo hutaga mayai yanayotoka na kinyesi cha mtu. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho hupata lava kwenye nyama yake. Lakini mtu naye akiyameza mayai hayo, kwa mikono michafu, mboga zisizooshwa au maji machafu, lava husafiri kwa damu hadi kwenye misuli, macho na ubongo. Kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto maishani mwake anaweza kupata kifafa cha namna hii, ikiwa mwenye tegu haoshi mikono au anajisaidia porini.

Tiba ipo. Kwanza ni dawa za kuzuia degedege, zinazotumiwa kila siku bila kukatisha. Picha ikionyesha lava walio hai, daktari anaweza kuongeza albendazole, na wakiwa wengi huiunganisha na praziquantel, pamoja na dawa za kupunguza uvimbe. Lava wanapokufa ubongo unaweza kuvimba na degedege kuzidi. Ndiyo maana mgonjwa wa kifafa asijinunulie dawa hizi dukani kujitibu mwenyewe.

Kinga inaanzia nyumbani: kila kaya iwe na choo na ikitumie, nguruwe wafungwe bandani, nyama ikaguliwe na ipikwe hadi iive, mikono ioshwe kwa sabuni. Kwa nguruwe ipo pia chanjo ya TSOL18, ambayo pamoja na dawa ya oksifendazole imejaribiwa hapa Tanzania.

Ndugu mseminari, ukiwa katika utume kigangoni utaitwa kumwombea mgonjwa wa namna hii. Mwombee kwa moyo wote, kisha uulize: amewahi kufika hospitali? Anameza dawa? Akianguka, mlaze ubavu, mwondoe karibu na moto, usimtie kitu mdomoni. Asiambiwe kamwe kwamba kuacha dawa ni ishara ya imani, maana aliyeacha dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma na kufa. Nasi waamini, katika jumuiya zetu ndogondogo, tumkaribishe akae nasi na tumkumbushe siku yake ya kliniki.