Je, Toleo Jepesi la Programu Yetu Litaendelea Kuwepo?

Tangu tuseme kwamba tunaliangalia upya toleo jepesi la programu yetu, wateja wengi wanaopiga simu wanauliza jambo moja: pesa zangu zitaenda wapi?

Haziendi popote. Pesa zako hazikai ndani ya programu, wala ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti iliyosajiliwa kwa laini yako na kitambulisho chako, na programu ni dirisha tu la kuichungulia. Ukiifuta leo, au simu itumbukie kwenye sufuria ya githeri, salio linabaki pale pale. Chomeka laini ileile kwenye kabambe ya jirani, piga menyu yetu ya USSD, na utalikuta.

Lakini hatusemi kwamba dirisha halina maana. Mama mboga mwenye simu ya RAM ya GB 1 akifungua toleo kubwa mteja akiwa amesimama mbele yake, simu inaganda. Hajui kama malipo yameingia, na mteja ana haraka. Toleo jepesi halina ramani ya mawakala, halina picha, halina michoro ya matumizi ya mwezi. Lina kutuma, kulipa, kutoa, salio na taarifa, basi. Kwa watu kama huyu, hilo ndilo linalowafaa, si toleo la kimaskini.

Sasa mbona tusiliache tu liendelee? Kwa sababu programu ya pesa si kama redio ambayo ukishaiuza umemaliza kazi. Kila tukibadilisha kitu, tunakibadilisha mara mbili na kukijaribu mara mbili. Likipatikana tundu la usalama, lazima lizibwe kotekote siku hiyohiyo. Matoleo mengi mepesi huanza kufa hapa: kampuni inaliziba kubwa kwanza, dogo linangoja wiki, halafu mwezi. Wezi wa mtandaoni wanajua kutafuta mlango uliosahauliwa. Kwa maoni yetu, toleo jepesi lililotelekezwa ni baya kuliko lililofungwa, kwa sababu lililofungwa angalau unajua limefungwa.

Kampuni kubwa zimepitia uamuzi huu kabla yetu. Messenger Lite ilipozinduliwa Oktoba 2016, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi tano za kwanza kuipata. Ilikuwa na uzito wa chini ya MB 10. Septemba 2023 ilifungwa, na watumiaji wakaelekezwa kwenye Messenger ya kawaida. YouTube Go nayo ilifungwa Agosti 2022. Google walieleza kwamba YouTube yenyewe sasa inafanya kazi vizuri zaidi kwenye simu za bei ya chini. Ni sababu nzuri, ila Go ilikuwa inakuonyesha video itakula MB ngapi kabla hujaifungua. Anayenunua bando la shilingi 20 anajua alichopoteza.

Hata watu wanaoandika programu wameonja haya. Microsoft walikuwa na toleo jepesi la bure la kifaa chao cha kuandikia programu, Visual Studio Express, tangu 2005. Mwaka 2014 wakatoa jingine la bure, Community, lenye uwezo mkubwa zaidi, na la mwisho la Express likawa la 2017. Aliyekuwa na kompyuta nzuri alishangilia. Mwanafunzi mwenye kompyuta kuukuu alipata vitu vingi zaidi bila kulipa, lakini pia mzigo mkubwa zaidi wa kupakua. Tulilitazama hilo kwa makini, maana “tumewapa bora zaidi” inaweza kuwa kweli na bado ikamwacha mtu nje.

Kwa hivyo tumeamua hivi: toleo jepesi linabaki. Halitapata vitu vipya, lakini viraka vya usalama litavipata siku moja na toleo kubwa. Kama siku moja tutashindwa kutimiza hilo, tutalifunga, na tutakuambia mapema kwa SMS.

Kuna wateja wachache ambao hatutaweza kuendelea nao kwenye programu, nao ni wenye Android ya chini ya 5.0. Simu yako inapozungumza na mitambo yetu, mazungumzo yanafungwa kwa kufuli inayoitwa TLS. Matoleo ya mwanzo ya kufuli hiyo yamezeeka. Sekta ya kadi za benki iliweka 30 Juni 2018 kuwa mwisho wa kutumia la kwanza kabisa. Android za kabla ya 5.0 haziwashi lile jipya zenyewe, na mtengenezaji hatumi tena viraka. Hatuwezi kukuambia uko salama hapo. Angalia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu. Ukiona 4.4 au chini yake, hamia kwenye menyu ya USSD. Inafanya mambo yote matano tuliyoyataja, na haihitaji bando.

Tunajua pia kitakachofuata. Mtu atakutumia ujumbe: toleo jepesi linafungwa leo saa kumi, bonyeza hapa upakue jipya, ama akaunti yako itasimamishwa. Usibonyeze. Sisi hatutumi programu kwa WhatsApp wala kwa linki ya SMS. Matoleo yote mawili yako Play Store tu, chini ya jina la kampuni yetu. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba PIN ili “akuhamishie” akaunti, maana, kama tulivyosema, hakuna kinachohamishwa. Akikupigia na kukuharakisha, kata simu, kisha utupigie wewe kwa nambari iliyo nyuma ya kadi ya laini yako.

Na kama ulishabonyeza na kuweka PIN, usingoje asubuhi. Ibadilishe sasa hivi kupitia menyu ya USSD, kwenye simu nyingine ikiwezekana, kisha tupigie. Hatutakulaumu.