Shairi na Jawabu Lake: Desturi ya Kujibizana Miongoni mwa Waswahili

Kujibizana ni desturi ya Waswahili ya kulijibu shairi la mtu kwa shairi jingine, hadharani, kwa adabu na kanuni zinazofahamika na pande zote mbili. Mtunzi hutoa hoja, fumbo, lawama au swali. Mwingine hulipokea shairi hilo, akalipima, kisha akatunga jawabu. Na pengine wa tatu na wa nne huingia, hata mazungumzo yakachukua miezi. Desturi hii ilikita mizizi Lamu, Pate, Mombasa, Tanga, Pemba na Unguja, na katika karne ya 20 ikaingia bara kwa njia ya magazeti. Ann Biersteker, aliyeuchunguza ushairi wa karne ya 19 na ya 20, alikiita kitabu chake cha mwaka 1996 kwa jina hilohilo la Kujibizana, na alikuwa na sababu. Asiyeijua desturi hii huwasoma washairi wa zamani kana kwamba kila mmoja alikaa peke yake akijisemea, ilhali wengi wao walikuwa wakimjibu mtu.

Kabla ya kuandikwa, kujibizana kulikuwa jambo la kuimbwa. Katika ngoma ya gungu, iliyochezwa katika arusi za watu wa Lamu na Mombasa, mwimbaji alifumba jambo ndani ya wimbo, na aliyekuwapo akatakiwa kulifumbua kwa wimbo wake. Aliyeshindwa aliaibika mbele ya hadhira. Aliyefumbua alipata haki ya kufumba lake. Barazani nako, mtu aliyeleta tungo mpya hakutarajia kupigiwa makofi tu na kuachwa aende zake. Alitarajia kuulizwa, kupingwa na kujibiwa, na kimya cha wenzake kilimuuma kuliko pingamizi. Tangu mwanzo, basi, msikilizaji wa shairi alikuwa na wajibu. Kusikia na kuelewa ilikuwa nusu ya kazi yake, na nusu ya pili ilikuwa kusema neno lenye uzito ule ule.

Kumbukumbu maarufu zaidi za desturi hii zinatoka mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa Vita vya Kuduhu, Lamu ikiwa upande mmoja, Pate na Mombasa upande wa pili. Miji hiyo ilipigana kwa silaha na kwa mashairi pia. Mombasa ilikuwa na mshairi Muyaka bin Haji. Lamu ilikuwa na Zahidi Mngumi, kiongozi wa mji aliyekuwa mtunzi hodari. Shairi la vitisho kutoka mji mmoja lilisafiri hadi mji wa pili, likasomwa, likajadiliwa na wazee, na jawabu likapelekwa likiwa na mafumbo yake. Tungo hizo zilikusanywa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika Mashairi ya Vita vya Kuduhu, kilichotoka mwaka 1995. Mtu anaweza kushangaa kwamba watu waliokuwa karibu kuuana walijali vina na mizani ya adui. Walijali kwa sababu jawabu lenye vina vibovu lilikuwa ushahidi kwamba mji hauna watu wa maana, na hilo lilikuwa pigo kabla ya vita yenyewe.

Pemba nayo ina jozi yake inayokumbukwa, Kamange na Sarahani, waliojibizana katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mashairi yao yalihifadhiwa na wapenzi wa fani hiyo, yakachapishwa mwaka 2011 kwa jina la Kale ya Washairi wa Pemba, chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Kuwaweka wawili hao ndani ya jalada moja ulikuwa uamuzi wa busara, maana nusu ya utamu wa kila mmoja imo katika maneno ya mwenzake.

Kanuni za kujibu hazikuandikwa kama sheria za mahakama, lakini mtunzi asiyezifuata hujulikana mara moja. Ya kwanza ni kulielewa shairi kabla ya kulijibu. Ushairi wa Kiswahili umejaa mafumbo: mamba, jahazi, mnazi, kito, nyumba inayovuja. Anayemjibu mwenye kusema habari za jahazi kwa kuzungumzia mbao na matanga, wakati jahazi lile lilikuwa serikali au ndoa, amejianika. Kwa hiyo wajuzi hulikalia shairi kwanza. Hulisoma kwa sauti, huwauliza wanaojua zaidi, hutafuta tukio lililolizaa. Jawabu la haraka huonekana haraka yake.

Kanuni ya pili inahusu umbo, na hapa ndipo ugumu wa desturi hii ulipo. Anayejibu hutarajiwa kuifuata bahari ya aliyeanza. Ikiwa shairi la kwanza ni tarbia, yaani beti za mistari minne, kila mstari ukiwa na mizani 16 iliyogawanyika nane kwa nane, jawabu nalo huja katika tarbia. Fundi zaidi huchukua hata vina vya mwenzake, vya kati na vya mwisho. Aliye bingwa kabisa hukichukua kibwagizo cha mwenzake, akageuza neno moja au mawili, na kile kilichokuwa lawama kikawa utetezi. Sharti hili lina maana kubwa kuliko urembo. Mtu anayelazimika kufikiri ndani ya vina vya mpinzani wake hulazimika kukaa na maneno yake siku nzima, kuyageuzageuza mdomoni na kuyajua kama anavyoyajua yeye. Ni vigumu kumpotosha mtu ambaye umeyaishi maneno yake namna hiyo. Vilevile jawabu ambalo ni guni, lenye vina vilivyopotea au mizani pungufu, hupoteza haki ya kusikilizwa hata kama hoja yake ni ya kweli, na wasomaji wengine huandika kulisahihisha.

Halafu ipo adabu ya kuingia na kutoka. Beti za mwanzo hubisha hodi: hutaja jina la Mungu au huomba nafasi, humtaja anayejibiwa kwa lakabu yake au kwa jina la heshima kama malenga, ustadhi, shekhe au ndugu, na hukiri kwamba shairi lake limefika na limesomwa. Sifa hutangulia hitilafu. Kijana anayemjibu mzee hujishusha kwanza, hujiita mwanafunzi, kisha husema lake bila kulipunguza. Mtu wa tatu anayetaka kuingia katika mazungumzo ya wawili naye huomba ruhusa na hueleza anakuja kama nani: shahidi, msuluhishi au mwenye swali. Beti ya mwisho hufunga kwa tamati au kaditama, na mara nyingi hutaja jina la mtunzi na mahali anapokaa. Shairi lisilo na mwenyewe halidai jawabu.

Mipaka nayo ipo. Hoja, tabia na hata ufundi wa mtu vinaweza kushambuliwa vikali, na kejeli inaruhusiwa ikiwa imefumbwa. Kumtukana mzazi wa mtu, kutaja aibu za nyumbani kwake au kusema wazi kile ambacho adabu inataka kifumbwe ni kuvunja baraza. Anayefanya hivyo huambiwa ameishiwa. Aliyeshindwa kwa haki, kwa upande wake, hatarajiwi kunyamaza. Hutakiwa kutunga beti chache za kukubali, na kukubali kwa ubeti mzuri huhesabiwa kuwa ushindi wa namna yake.

Lipo jibu la aina nyingine ambalo halibishani hata kidogo, nalo ni takhmisa. Hapa mtunzi wa pili huchukua mistari ya mtunzi wa kwanza na kuiongezea yake hadi ubeti uwe na mistari mitano; mipya hutangulia, ya zamani hufunga, na vina vyote hulazimika kupatana. Mfano unaotajwa zaidi ni takhmisa ya shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, iliyotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi. Karne nyingi zilikuwa zimepita kati ya wawili hao. Takhmisa ni heshima ya juu kabisa ambayo msomaji anaweza kumpa mwandishi: hamwondolei neno hata moja, bali humjengea njia ya kufika kwenye maneno yake.

Wanawake wamekuwa na viwanja vyao vya kujibizana, na si haki kuviweka pembezoni kwa sababu tu havikuingia sana katika diwani. Unguja, vikundi vya taarab vya wanawake kama Royal Air Force na Royal Navy vilishindana kwa nyimbo, kila kimoja kikitunga cha kumjibu mwenzake, na mji mzima ukijua nani amepigwa kijembe. Dar es Salaam ya miaka ya 1990 iliyaona hayo kwa ukubwa mpya katika mipasho ya vikundi vya TOT na Muungano, Khadija Kopa na Nasma Khamis wakirushiana majibu mbele ya umati uliotoa tuzo kwa kila mstari uliolenga. Kanga pia hujibu. Jirani aliyevaliwa jina la kumsema hutafuta dukani jina la kujibu, akalivaa siku ya shughuli, bila kufungua kinywa.

Magazeti ndiyo yaliyoipanua baraza. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilitoa nafasi kwa mashairi ya wasomaji, na humo Shaaban Robert alijulikana kabla vitabu vyake havijaenea. Mtu wa Tanga aliuliza, wa Ujiji akajibu, wa Dodoma akasuluhisha, na wote watatu hawajawahi kuonana. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 katika eneo la Dodoma, na Kaluta Amri Abedi wa Ujiji, aliyetoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, ni matunda ya upanuzi huo: mmoja Mkristo, mmoja Mwislamu, wote wa bara, wote mabingwa wa fani iliyokuwa ikihesabiwa mali ya pwani. Baadaye Uhuru na Mzalendo upande wa Tanzania, na Baraza na Taifa Leo upande wa Kenya, yaliendeleza kurasa za mashairi. Mhariri akawa mwenye baraza. Watunzi walimwomba nafasi katika ubeti wa kwanza, na ugomvi ulipokolea, yeye ndiye aliyetangaza kwamba mjadala umefungwa.

Katika miaka hiyo Mnyampala alibuni ngonjera, mashairi ya mazungumzo yanayotungwa na mtu mmoja na kughaniwa na wahusika wawili au zaidi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, chama cha washairi cha UKUTA kilizieneza, na shule za Tanzania zikazipokea kwa nguvu. Mmoja hakuelewa siasa, mwenzake akamweleza, mwishoni wakakubaliana. Ngonjera zilifanya kazi kubwa ya kufundisha kughani na kuwapa watoto ujasiri wa kusimama mbele ya watu. Lakini kitu kimoja kilipotea humo. Katika kujibizana kwa kweli, anayeanza hajui atajibiwa nini, wala hana hakika kwamba atashinda. Katika ngonjera mshindi amekwisha kuchaguliwa kabla ya ubeti wa kwanza.

Mzozo mkubwa wa miaka ya 1970 juu ya mashairi huru nao unaeleweka vizuri zaidi ukitazamwa kutoka upande huu. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na wengine wakaandika mashairi yasiyofuata vina wala mizani, watetezi wa jadi walipinga kwa makala na kwa mashairi. Kwa kawaida huelezwa kwamba walitetea muziki wa lugha na urithi wa pwani, na ni kweli. Lakini shairi lisilo na vina lilivunja pia daraja la kujibia. Lilikuwa limetungwa kwa msomaji anayetafakari chumbani mwake, na aliyezoea kuchukua vina vya mwenzake na kuvigeuza hakuwa na pa kushika. Watetezi hao wa jadi walipojibu kwa tarbia, walikuwa wakiwaalika vijana barazani, na vijana hawakuwa na haja ya kuja.

Lamu haikusubiri wahariri. Katika kampeni za ubunge za 1974 na 1975, watunzi wa huko, Ustadh Mau miongoni mwao, walitoa mashairi ya kisiasa yanayojulikana kwa jina la Kimondo, yaliyoghaniwa na kusambazwa kwa kaseti. Kaseti ilirudisha sauti ambayo gazeti lilikuwa limeiondoa, na iliwafikia wasiosoma hati yoyote. Leo kazi hiyo imechukuliwa na simu. Katika makundi ya WhatsApp ya washairi, beti hutumwa kwa maandishi au kwa kughaniwa, na jibu linaweza kufika kabla chai haijapoa. Kasi hiyo imewapa fursa wengi ambao wahariri wasingewafikia, na imepunguza ule muda wa kulikalia shairi.

Tatizo kubwa zaidi ni la kuhifadhi. Wakusanyaji wa diwani hupenda kuchukua mashairi ya mtu mmoja na kuyaacha ya waliomjibu au aliowajibu. Hata Muyaka, aliyekumbukwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akaandikwa kwa juhudi za William Taylor na kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940, ana tungo ambazo hazifunguki bila maelezo ya nani alisema nini kwanza. Kurasa za mashairi za magazeti ya zamani bado zimo katika maktaba na nyaraka za Dar es Salaam na Nairobi, swali likiwa katika toleo moja na jawabu katika toleo la wiki au mwezi uliofuata. Kuziunganisha jozi hizo ni kazi ya subira, na inafaa ifanywe wakati wangali hai watu wanaozijua lakabu zile na wenyewe.