Gari iliyolala miaka mingi: kabla ya kuiwasha, izungushe kwa mkono

Nyuma ya majengo mengi ya parokia, shule na vituo vya afya huku kwetu mashariki kuna Land Cruiser moja iliyosimama. Ilisimama kwa sababu barabara ilifungwa, au fedha ya mazuti ilikwisha, au watu walikimbia na dereva akakimbia nao. Iliwekwa juu ya matofali, ikafunikwa na hema, miaka ikapita. Sasa watu wamerudi, kina mama wajawazito wanabebwa tena kwa machela, na kikao cha wazee kinauliza: gari ile itawaka?

Mara nyingi itawaka. Lakini ndugu wasomaji washike jambo moja. Injini, ile tunayoiita motere, haiharibiki sana kwa kulala. Inaharibika siku ya kuamshwa, katika dakika ya kwanza, kijana anapokuja na batri mpya na kugeuza ufunguo huku watu wamesimama kuangalia, tayari kupiga makofi.

Tuangalie kinachotokea ndani. Injini inapozimwa, mafuta yake hushuka polepole hadi chini. Baada ya miezi, kuta za silinda na beringi za kranki hubaki karibu kavu. Tena, popote kranki iliposimamia, silinda mojawapo hubaki na valvu iliyo wazi, na hewa yenye unyevu inaingia humo. Kule Bukavu wakati wa mvua, au Uvira karibu na ziwa, unyevu haukosekani. Kutu nyembamba inajengeka kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, na ringi zinashikwa kama zimegundishwa. Stata ina nguvu nyingi. Ikilazimisha kitu kilichoshikwa, ringi inavunjika au ukuta unachanika. Kusukuma gari ikiwa kwenye gia ni vibaya zaidi, kwa kuwa uzito wote wa gari unavuta kranki.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji batri, wala fedha. Fundi aweke gia huru, atie ufunguo mrefu kwenye boliti ya mbele ya kranki, azungushe kwa mkono polepole kufuata upande ambao injini huzungukia. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kugonga kitu, hiyo ni habari njema. Kwa maoni yangu, jaribio hili lifanywe kabla ya kanisa kuchangishwa hata franka moja. Si haki kuwaomba waamini fedha ya batri, matairi na rangi kwa gari ambayo hakuna aliyejua kama kranki yake inazunguka.

Kama imeshikwa, asilazimishe. Atoe buji za kupashia moto, amimine katika kila tundu kijiko kimoja au viwili vya mafuta mepesi, kwa mfano yale ya gia otomatiki, kisha aache siku tatu, nne, hata juma zima. Kila siku ajaribu kidogo, mbele na nyuma. Akichoka ajiendee nyumbani. Mafuta yanaendelea kupenya usiku. Injini nyingi zilizohukumiwa kuwa chuma chakavu zilifunguka namna hii.

Angalisho: injini ya mazuti hubana hewa zaidi ya mara 20, na kimiminika hakibaniki. Mafuta yakibaki mengi ndani ya silinda na buji zikarudishwa, fimbo ya pistoni inapinda. Ndiyo maana mara ya kwanza kutumia stata, buji ziwe nje bado, na mtu asiinamishe uso juu ya matundu, wala asiwepo mvuta sigara karibu.

Hapo kabla, mambo ya mazuti. Yaliyobaki katika tangi yasichanganywe na mapya, yamwagwe yote. Maji hukaa chini ya tangi, na mahali maji na mazuti yanapokutana huota vijidudu vinavyofanya tope jeusi. Pompa inayosukuma mazuti kwenye injini hupakwa mafuta na mazuti hayo hayo, na vipande vyake vimesuguliwa kwa usahihi mkubwa mno. Tone la maji lenye kutu linaweza kuimaliza, na pompa ni ghali kuliko vitu vingine vyote nilivyotaja. Tangi lisafishwe, chujio liwe jipya, kisha mazuti yavutwe kwa kibonyezo cha mkono kilicho juu ya chujio mpaka kiwe kigumu.

Injini inayopatikana sana katika Land Cruiser zetu za miaka ya 1990 na kuendelea ni 1HZ: silinda 6, lita 4.2, haina turbo. Ni injini ya kusamehe mengi, lakini ina mkanda wa mpira wenye meno unaoendesha valvu. Mpira huzeeka kwa miaka hata kama gari haikutembea. Ukikatika, valvu na pistoni zinagongana. Ubadilishwe kabla ya kuwasha.

Sasa mafuta mapya ya injini na chujio jipya. Chomoa waya wa kifungio cha mazuti kwenye pompa, buji bado zikiwa nje, uzungushe kwa stata sekunde kumi, upumzike, urudie, mpaka mshale wa mafuta upande au taa yake izimike. Hapo ndipo beringi zimepata mafuta. Wengi huruka hatua hii kwa sababu haina kelele ya kufurahisha.

Kisha rudisha buji na waya, pasha moto, washa. Mtu mmoja asimame kando ya mdomo wa hewa akiwa na kipande cha ubao. Pompa iliyolala inaweza kukwama ikiwa wazi, injini ikapanda mbio yenyewe, na kugeuza ufunguo kusisaidie. Ubao ukiziba hewa, inazimika. Usitumie kiganja. Wala msipulizie ile dawa ya eteri: ikikutana na buji zenye moto, inalipuka kwenye njia ya hewa.

Ikiwaka, isipigwe mbio. Dakika kumi za mwendo mdogo, mkiangalia moshi, maji na panya waliokula nyaya. Mafuta hayo ya kwanza yabadilishwe tena upesi, baada ya siku chache za kazi, kwani yamebeba kutu na uchafu wote.

Na kuwaka si kutembea. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani, na silinda za magurudumu hushikwa na kutu, zifunguliwe zote. Tairi lina tarakimu nne ubavuni: 2314 maana yake lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Hata kama meno yake yanaonekana mapya, msimpandishe mgonjwa milima ya Ngomo juu ya tairi la namna hiyo.