Je, Wajua? Marehemu wa Olduvai Aliyezidishiwa Umri

Katika mwaka wa 1913 mjuzi wa miamba wa Kijerumani, Hans Reck, alifukua katika Bonde la Olduvai, Ngorongoro, mifupa ya binadamu aliyelazwa amekunjwa, naye, kwa kuikuta katika tabaka la wanyama waliotoweka tangu dahari, akaamini kuwa marehemu huyo aliishi zama zao. Mwanaakiolojia Louis Leakey, aliyekuwa na shaka hapo awali, akaridhia mwaka 1931 alipofika Olduvai pamoja na Reck. Lakini udongo ulioshikamana na mifupa ulipochunguzwa ukaonekana una changarawe nyekundu za tabaka la juu, na mwaka 1933 wote wawili, kwa uungwana unaostahili heshima, wakakiri hadharani kwamba huyo alizikwa baadaye sana.