Kurudi barabarani kwa baiskeli baada ya kutishwa na madereva

Katika toleo hili tumeonelea tuzungumzie jambo linalowasumbua wanafunzi wetu wanaokuja Makerere kwa baiskeli. Dereva wa teksi (ambayo jirani zetu wa Kenya huiita matatu) anakupigia honi mgongoni, anakupita karibu hata kioo chake kinakugusa kiwiko, kisha anatoa kichwa dirishani na kukutukana. Hujaanguka wala hujaumia, lakini kesho yake baiskeli inabaki ukutani, na keshokutwa vilevile.

Ieleweke kwamba huo si woga wa kitoto. Mwili umejifunza kuwa honi ni hatari, na moyo unadunda kabla hujafikiri. Tatizo hukua pale tunapoikwepa barabara. Kila tukiiacha baiskeli tunapata nafuu, na nafuu hiyo huifundisha akili kwamba kukwepa ndiko kulikotuokoa. Hivyo hofu hunenepa bila hata gari moja kupita.

Dawa yake ni kurudi kidogo kidogo, kwa hatua zinazotisha kiasi lakini zinazovumilika, na kuirudia kila hatua mpaka moyo uizoee. Anza ndani ya chuo, kuzunguka Freedom Square. Kagua breki kwanza, maana asiyeziamini breki zake hawezi kutulia. Kisha toka Jumapili asubuhi mapema, magari yakiwa machache, pamoja na mwenzako mzoefu. Makutano ya Wandegeya yaje mwisho, na hapana aibu kushuka na kuikokota baiskeli. Sisi wenyewe hufanya hivyo.

Aliyetishwa hujibana ukingoni kabisa mwa barabara. Tunaona hilo ni hatari zaidi. Ukingoni kuna mashimo, mitaro na milango ya magari yaliyoegeshwa, tena dereva anayekuja nyuma hudhani nafasi ya kupenya ipo. Penye nafasi, kaa kama mita moja kutoka ukingoni, nenda mstari ulionyooka, na kabla ya kuhama tazama nyuma na unyoshe mkono. Dereva akikutukana, usimjibu. Shika namba ya gari, simama mahali salama uiandike, kisha uwapelekee askari wa usalama barabarani.

Wanafunzi wetu Waganda watacheka wakikumbuka kwamba baiskeli kwa Kiganda ni eggaali, ilhali gari la Kiswahili ndilo hilo linalowafukuza barabarani. Hata bodaboda, ambazo leo hutusukuma ukingoni, zilianza zikiwa baiskeli za kuvushia watu mpakani Busia.

Serikali ya Uganda ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2012, na jijini Kampala sehemu ya Namirembe Road na Luwum Street imetengenezwa kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli. Ni mahali pazuri pa kufanyia mazoezi, ingawa njia ya kufika huko ni ileile yenye teksi.

Ikiwa baada ya mwezi mmoja bado unaota ajali usiku, au unatetemeka kila usikiapo honi, mazoezi peke yake hayatoshi. Mwone mshauri nasaha wa chuo.